Pumzi Zisizoandikwa: Historia ya Kuhesabu Hewa Chafu, Kutoka Bonde la Meuse Hadi Likasi

Mji wa Likasi una komini nne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Mbili za mwisho ni majina ya viwanda na ni majina ya mitaa. Ukisema Shituru hapa Katanga, msikilizaji hajui mara moja kama unataja mahali shaba inapotolewa au mahali watoto wanapolala, kwa kuwa ni palepale. Kiangazi kikifika mvua hukoma kwa miezi. Vumbi jekundu hupanda barabarani nyuma ya malori ya mawe ya madini, moto wa porini huunguza miombo upande huu na ule, na alfajiri kila ua una jiko la mbabula linalotoa moshi wa makala, kama tunavyouita mkaa huku kwetu. Hewa ya viwandani nayo huingia humohumo. Kifua cha mtu hakina forodha ya kuuliza kila moshi umetoka wapi.

Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba hewa chafu ilichangia vifo milioni 8.1 duniani katika mwaka 2021, na kwamba zaidi ya 700,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wasiofikisha miaka mitano. Namba hiyo imesomwa redioni na kuandikwa magazetini, na watu wa Likasi wamo ndani yake, kwa kuwa hesabu ni ya dunia nzima. Mimi nataka kujua waliingiaje. Nani alipima hewa yao, kwa chombo gani, na tangu lini? Nimeifuata hesabu hiyo nyuma mpaka mwanzo wake, na nimeukuta karibu na historia ya mji wetu kuliko nilivyotarajia.

Mwanzo wenyewe uko Ubelgiji. Tarehe 1 Desemba 1930 ukungu mzito ulishuka katika bonde la mto Meuse, kati ya miji ya Huy na Liège. Bonde hilo lilijaa viwanda vya chuma, vya zinki, vya kioo na vya mbolea. Kwa siku tano upepo haukuvuma. Hewa baridi ilibaki chini bondeni, hewa yenye joto ikaikalia juu kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa viwanda ukakosa njia ya kutokea. Siku ya tatu watu walianza kukohoa na kukosa pumzi. Kufikia tarehe 5 zaidi ya watu 60 walikuwa wamekufa, wengi wao katika siku mbili tu, na ng'ombe nao walikufa mazizini. Kijiji cha Engis ndicho kilichopata pigo kubwa zaidi.

Serikali iliagiza uchunguzi. Mmoja wa wachunguzi, Jules Firket, profesa wa patholojia katika Chuo Kikuu cha Liège, aliona kwamba wauaji wakuu walikuwa gesi za salfa na asidi inayozaliwa gesi hizo zikikutana na unyevu. Kisha alifanya jambo ambalo mimi naliona kuwa mzizi wa elimu yote ya leo. Alichukua idadi ya waliokufa bondeni, akailinganisha na idadi ya watu wa London, akaandika kwamba ukungu wa namna hiyo ukitokea London utaleta vifo 3,200 vya ghafla. Hakuwa amepima hewa ya London hata siku moja. Alikuwa na idadi ya watu na idadi ya vifo, basi akakadiria. Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano, na hesabu ya kwanza ya Waingereza ilitaja vifo 4,000 hivi. Wataalamu waliorudia hesabu hiyo baadaye walifikia 12,000.

Sasa tazama kalenda. Mwaka 1929, mmoja kabla ya msiba wa Meuse, kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kutoa shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru. Mwaka 1931, mmoja baada ya msiba, mji uliokua kando ya kiwanda hicho uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa benki ya Société Générale iliyokuwa nyuma ya kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kazi ya Shituru, tangu siku ya kwanza, ni ya asidi. Mawe husagwa, shaba huyeyushwa humo kwa asidi ya salfa, halafu umeme hupitishwa katika mabirika na shaba hujishika kwenye bamba. Mabirika hayo hutoa mvuke wenye asidi, na asidi yenyewe hutengenezwa kwa salfa. Upande wa Panda zikaja tanuru za umeme za kuyeyusha kobalti. Sidai kwamba Jadotville ilipata siku kama zile tano za Engis. Ninachosema ni kwamba miaka ileile ambayo madaktari wa Liège walikuwa wakipasua maiti kutafuta alama za asidi mapafuni, jamaa ya viwanda hivyohivyo ilikuwa ikisimikwa huku, na kambi za wafanyakazi zikijengwa kandokando yake.

Mtu asidhani kwamba kampuni haikujua kuhesabu. Ilihesabu sana. Miaka ya 1920 vibarua walioletwa kutoka mbali walikuwa wakifa kwa wingi, na kampuni ikaona hasara. Kuanzia mwaka 1928 ilibadili siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, wake wakaruhusiwa kambini, zahanati zikajengwa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kusimamia idara ya wafanyakazi Waafrika, aliandika mwaka 1946 kitabu kizima kuhusu siasa hiyo. Vifo vilihesabiwa, watoto wachanga walihesabiwa, posho ya unga ilipimwa. Daftari lile lilikuwa la nguvukazi: mtu huyu ataweza kufanya kazi miaka mingapi, na mwanawe atafaa lini kuandikwa. Ni hesabu ya mwenye shamba juu ya jembe lake, nasema hivyo bila kuficha, ingawa najua kwamba zahanati zile ziliokoa watoto wengi na wazee wetu walizikumbuka kwa wema.

 

Baada ya London, hesabu ya hewa ilikaa muda mrefu mikononi mwa nchi tajiri. Utafiti uliobadili mambo ulichapishwa mwaka 1993 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walikuwa wamefuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 hadi 16, wakaona kwamba wakazi wa mji wenye hewa chafu kuliko yote walikufa kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 26 wale wa mji wenye hewa safi kuliko yote, hata baada ya kuondoa tofauti za uvutaji wa sigara. Waliobeba lawama walikuwa chembechembe zisizoonekana kwa macho, zenye upana usiozidi maikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi. Pua haizizuii wala kikohozi hakizitoi. Huingia ndani kabisa ya pafu, nyingine zikapenya hadi katika damu, na ndiyo maana madhara yake yanaonekana pia kwenye moyo na ubongo.

Mwaka huohuo wa 1993 Benki ya Dunia ilichapisha hesabu ya kwanza ya mzigo wa magonjwa duniani, kazi ya Christopher Murray na Alan Lopez. Wazo lao lilikuwa kwamba kila kifo kipate sababu moja kwenye daftari moja, ili jumla ya vifo vya magonjwa yote isizidi idadi ya waliokufa. Hewa chafu iliingia katika daftari hilo polepole. Kwa mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 800,000 kutokana na hewa ya mijini, na hesabu hiyo iligusa miji ya watu zaidi ya 100,000 tu. Mwanakijiji wa Kapolowe au wa Kambove hakuwa na hewa, kwa mujibu wa hesabu ile.

Daraja kubwa lilivukwa mwaka 2012. Kundi la wataalamu lililoongozwa na Michael Brauer wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada liligawa dunia nzima katika miraba ya kilomita 11 hivi kila upande, na kila mraba ukapewa namba yake ya chembechembe, awe anaishi humo mtu mmoja au milioni moja. Walizipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni setilaiti: jicho lililo angani hutazama jinsi mwanga wa jua unavyofifia na kutawanyika ukipita hewani, na kutokana na ufifiaji huo hukadiriwa wingi wa chembe. Ya pili ni kompyuta inayoiga safari ya moshi kutoka tanuruni, barabarani na porini, ikifuata upepo na mvua. Ya tatu ni vituo vya kupimia vilivyosimama ardhini, na hivi ndivyo vinavyosahihisha njia mbili za kwanza. Matokeo yalionyesha kwamba mwaka 2005 watu 89 kati ya kila 100 duniani waliishi mahali palipozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha wakati huo, yaani maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango hicho kilishushwa mwaka 2021 hadi 5.

Desemba 2012 hesabu mpya ya mzigo wa magonjwa ikatoka: vifo milioni 3.2 kwa hewa ya nje, na vingine karibu milioni 3.5 kwa moshi wa jikoni. Msomaji anayelinganisha 800,000 na milioni 3.2 atadhani dunia iliungua ndani ya miaka kumi. Sivyo ilivyokuwa. Wavu ndio uliopanuka: vijiji viliingia, na magonjwa zaidi yakaingia.

Kulikuwa pia na tatizo ambalo wataalamu walilitatua kwa ujasiri. Tafiti za miaka mingi zilikuwa za Marekani na Ulaya, kwenye hewa iliyo nafuu. Nani angejua hatari iliyopo katika hewa nzito maradufu, kama ya Delhi, au ya jiko lililofungwa milango? Waliunganisha ushahidi wa aina nne kwenye mstari mmoja: hewa ya nje, moshi wa sigara ya mtu mwingine, moshi wa jikoni, na sigara ya mvutaji mwenyewe. Kwa mstari huo unaweza kusoma hatari ya mahali popote, mradi ujue uzito wa chembe katika hewa yake.

Hapo penye neno uzito ndipo Likasi inapopotea. Mstari ule unachukulia kwamba gramu moja ya chembe ni sawa na gramu nyingine. Masizi ya nyasi zilizoungua, vumbi la barabara ya Kikula, na vumbi lenye kobalti, aseniki, kadimi na risasi yote huwekwa kwenye mizani moja. Kwa kuhesabu dunia nzima hiyo ilikuwa njia pekee iliyowezekana, nami siwalaumu. Lakini kadimi na aseniki zimethibitishwa kuleta saratani, na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinaleta saratani kwa binadamu. Mji uliojengwa juu ya metali hizo hauwezi kusomwa kwa uzito wa vumbi peke yake.

Kuna pia ukubwa wa mraba. Nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa Shituru na nyumba iliyo mlimani kilomita nane kutoka hapo huweza kupewa namba moja. Kisha kuna vituo vya ardhini, vile vinavyosahihisha setilaiti. Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto lilisema kwamba katika Afrika watoto 6 tu kati ya 100 waliishi ndani ya kilomita 50 kutoka kituo cha kuaminika cha kupimia hewa, wakati Ulaya na Amerika ya Kaskazini walikuwa 72. Sehemu kubwa ya bara letu, kwa hiyo, ilichorwa kwenye ramani kwa kutazamwa kutoka juu na kubashiriwa na kompyuta iliyofunzwa hewa ya watu wengine.

Hesabu iliyoigusa miili ya watu wa Katanga ilitoka upande ambao wengi hawakuutazamia: katika mkojo.

Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa hapa na wa Chuo Kikuu cha Leuven, walikusanya mkojo wa watu 351. Watu 179 walikaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia, 132 walikaa kati ya kilomita tatu na kumi, na 40 walikaa kilomita 400 kutoka eneo la madini, ili wawe kipimo cha kulinganishia. Maabara ilitafuta metali 17. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kobalti, aseniki, kadimi, shaba, risasi na urani zilikuwa juu kwa watu wa eneo la madini, hata kwa wale wasioishi ukutani mwa kiwanda. Miongoni mwa walioishi karibu, zaidi ya nusu walizidi kiwango cha kobalti kinachotumika kama tahadhari kwa mfanyakazi wa kiwandani. Kwa watoto ilikuwa 87 kati ya 100. Waandishi walieleza kwamba kobalti kiasi hicho haikuwahi kuripotiwa kwa wananchi wa kawaida mahali popote duniani.

Mtoto anapozidi kiwango kilichowekwa kwa fundi wa tanuru, na hajawahi kulikaribia tanuru, neno "mfanyakazi" na neno "jirani" hupoteza mpaka wao. Mkojo hausemi metali iliingilia wapi. Unajumlisha vyote: kilichovutwa kwa pua, kilicholiwa pamoja na bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga iliyomwagiliwa maji machafu, kilichorambwa na mtoto anayecheza chini. Utafiti uliofuata mwaka 2014 ulifuata njia hizo moja moja, ukaonyesha kwamba chakula cha bustanini kina sehemu kubwa, na kwamba kwa watoto vumbi lina sehemu yake nzito. Vumbi hilo, kabla ya kutua kwenye jani la mboga na kwenye mkono wa mtoto, lilikuwa hewani.

Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo ya 2009 kutoka Leuven alikuwa Benoit Nemery, daktari wa mapafu na wa magonjwa ya kazini. Mwaka 2001 Nemery na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Lancet historia ya msiba wa bonde la Meuse, wakimtoa Jules Firket katika kumbukumbu zilizosahaulika. Daktari aliyerudi kwenye kaburi la Engis ndiye huyohuyo aliyekuja kupima watoto wa Katanga miaka michache baadaye. Nilipoligundua hilo niliweka kalamu chini kwa muda. Hesabu iliyoanza kando ya mto wa Ubelgiji mwaka 1930 ilichukua karibu miaka 80 kufika kwenye viwanda ambavyo Ubelgiji yenyewe ilivijenga.

Tangu hapo vyombo vimekuwa rahisi. Makerere mjini Kampala wametengeneza vipimo vyao wenyewe, mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme, na vingine hubebwa na bodaboda. Kinshasa, vipimo vya bei nafuu vilivyosahihishwa kitaalamu vilionyesha wastani wa maikrogramu zaidi ya 40 kwa mita ya ujazo, mara nne ya kiwango cha zamani na mara nane ya kile cha sasa. Ni kazi iliyochapishwa mwaka 2021, na waandishi wake waliiita ya kwanza ya aina hiyo kwa mji huo wa mamilioni ya watu. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapa. Haiyeyushi kobalti.

Congo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sababu inayotajwa ya kuitaka ni betri za magari yatakayosafisha hewa ya miji ya mbali. Hewa ya mahali inapotoka inastahili kupimwa kwa bidii ileile.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za madini zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya maendeleo ya wananchi wanaozizunguka. Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo kila komini ya Likasi inaweza kupata kituo chake: kimoja Shituru, kimoja Panda, kimoja Kikula, kimoja katikati ya mji, pamoja na pampu inayovuta hewa kupitia karatasi ya kuchujia. Karatasi hiyo ipimwe uzito, kisha ipelekwe maabara ili kobalti, aseniki, kadimi na risasi zihesabiwe kila moja kwa jina lake, na gesi ya salfa ipimwe kando. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita 120 tu kutoka hapa, kina watu waliokwisha kuifanya kazi ngumu kuliko hii. Viongozi wa jimbo, wenye viwanda na wawakilishi wa mitaa wanaokaa kwenye kamati za fedha hizo, naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na namba zitakazopatikana zibandikwe kila wiki mlangoni pa ofisi ya kila komini, kwa Kiswahili.